Mume Wangu Aliishusha Injini, Nikairudisha Mimi

Nilifungua geti nikakuta injini ya gari letu inaning'inia hewani.

Chini yake, chali kwenye sakafu ya gereji, alikuwa mume wangu. Macho wazi. Ananiangalia. Hasemi kitu.

Nilidhani imemdondokea. Nikapiga yowe mpaka jirani akatoka na taulo kiunoni.

Kumbe injini haikumgusa. Ilikuwa imetulia kwenye mnyororo wake, inadondosha oili tone tone karibu na bega lake. Kilichomwangusha kilitoka ndani ya mwili wake mwenyewe.

Kiharusi.

Ndugu zangu, kaeni vizuri. Wapo watakaosema nimetunga, na waseme tu, mdomo ni mali ya mwenyewe. Mimi yalinikuta, na gari lenyewe lipo, ukipita kwetu utaliona limeegeshwa mlangoni.

Mimi ni msusi. Nina kisaluni changu cha viti viwili na kioo kimoja chenye ufa. Mume wangu ni fundi magari, wenzake wanamwita Bolti, maana akishakaza jambo lake halilegei.

Nyumbani, ubavuni mwa nyumba, tuna banda la bati. Hiyo ndiyo gereji yake ya siku za mapumziko. Juu kuna boriti ya chuma na winchi ya mnyororo. Ukutani kila spana ina msumari wake. Ukitumia spana ukaitundika kwenye msumari wa jirani, mwanaume huyo ananuna mpaka kesho.

Siku chache kabla ya hayo aliniambia gari limeharibika.

"Injini imekufa, Mama Watoto. Lazima ishuke."

"Si jana tu tumetoka nalo sokoni?"

"Injini haikuagi."

Mimi najua nywele, yeye anajua injini. Mimi ni nani nimbishie fundi kwenye kazi yake?

Hospitali walifanya waliloweza, Mungu awabariki, lakini walinirudishia mtu nusu. Upande wote wa kushoto umekufa. Mdomo umekwenda kando. Maneno yakitoka yanatoka yamesagika, huambulii hata moja.

Muuguzi aliyekuwa akija kumtazama nyumbani alinivuta jikoni, akaniambia bila kuzunguka.

"Mama, huyu anaweza kurudi. Nimeona wabaya kuliko yeye wakitembea. Lakini dawa kila siku, mazoezi kila siku, na ale. Asipofanya hivyo kitarudi tena, na kikirudi safari hiyo hakitabisha hodi."

Sawa. Nikajifunga kibwebwe.

Tatizo, mwenyewe hakutaka.

Dawa anaificha shavuni, nikigeuka anaitema kwenye mto. Mazoezi, nikimwinua mguu anaukaza ule mzima kunizuia. Uji nikimpelekea anageukia ukuta. Mtu aliyekuwa anamaliza sahani na kuuliza kama kuna kilichobaki sufuriani.

Nilimbembeleza. Nilimwimbia. Nilimtisha na watoto, ambao nilikuwa nimewapeleka kwa dada yangu ili wasimwone hivyo. Wapi. Ni kama kulisemesha jiwe.

Mbavu zikaanza kuhesabika. Nilikuwa namsuka mteja huku nalia, machozi yanadondoka kwenye nywele za watu. Mteja mmoja akaniuliza, "Dada, mbona mafuta leo ya majimaji?" Nikamwambia ni mapya.

Nilichoka. Sijui kama mnanielewa ninaposema nilichoka. Nilikuwa naamka nikimsikiliza kwanza kama anapumua, ndipo nafungua macho.

Basi kuna jambo nililiona. Ukimlaza vyovyote, macho yake yanakwenda upande wa dirisha. Dirishani huoni kitu isipokuwa banda la gereji.

Nikampa kijiko cha bati kwenye ule mkono wa kulia uliobaki. Nikamwambia, "Gonga mara moja ni ndiyo. Mara mbili ni hapana."

"Unataka maji?"

Mbili.

"Unasikia maumivu?"

Mbili.

"Unawaza gari?"

Akageuza macho dirishani. Halafu akagonga. Moja.

Jamani, nilihisi kama nimefunguliwa dirisha chumba chenye moshi. Nikajiambia, ndiyo hii. Mwanaume anakufa kwa sababu gari lake limelala vipande vipande na yeye fundi hawezi kuliinua. Injini ikirudi mahali pake, na moyo utarudi.

Sikumuuliza la pili. Mwenye kiu akiona maji haulizi yametoka mto gani.

"Nisikilize, Baba Watoto," nikamwambia. "Injini itarudi. Na ukipona, wewe ndiye utakayetuendesha, kama zamani."

Kijiko kikamponyoka kikaanguka chini. Nikadhani ni furaha.

Nikaenda kuwaita wenzake wa kazini. Wakaja, wakiongozwa na yule wanayemwita Kipara, rafiki yake wa miaka mingi. Wakamsalimia Bolti, wakatazama pembeni kufuta macho, wakaingia bandani. Wakaiteremsha injini kutoka kwenye mnyororo, wakaikalisha juu ya matairi mawili karibu na giaboksi, ambayo Bolti alikuwa ameishusha kwanza.

Kipara akazunguka, akazunguka. Akainama. Akachungulia makopo. Bolti alikuwa amezipanga bolti zote kwenye makopo ya maziwa, kila kopo na zake, zimefutwa zinang'aa.

Akanyooka akaniambia, "Mama, usitufikirie vibaya. Hii hatuifungi."

"Kwa nini?"

"Kazi ameifungua mwenzetu. Kwetu mafundi, kazi aliyoifungua mwenzio huifungi mpaka akwambie aliifungulia nini. Ukifunga bila kujua, umefungia ubovu ndani, na kesho jina lako ndilo linatukanwa."

"Si aliniambia injini imekufa."

"Ilikufa nini?"

Nikaitazama injini kana kwamba itanijibia.

"Na kipuri kipya kiko wapi?" akaendelea. "Mtu hashushi injini bila kipuri cha kuweka, na Bolti ndiye kabisa, huyo hajawahi kumfungulia mtu kitu bila sababu. Hapa naona vitu vilevile vya gari. Hakuna kipya."

"Basi muulizeni wenyewe, anagonga kijiko."

Wakamwendea kitandani. Kipara akauliza taratibu, kama mtu anayesoma.

"Ringi?" Mbili.

"Beringi?" Mbili.

"Gasketi? Klachi? Pampu ya oili?" Mbili, mbili, mbili.

Akataja mpaka akaishiwa. Kila kitu hapana. Akanigeukia na macho ya huruma, akasema polepole kwamba labda kichwa cha mwenzetu bado hakijatulia, tumpe muda.

Muda ndio sikuwa nao. Nilimwona mume wangu anaisha kama sabuni.

Nikampigia shemeji yangu.

Shemeji ni mdogo wake Bolti. Ni fundi wa friji, na mdomo wake haukuwekewa swichi ya kuzimia. Lakini roho yake, acha kabisa. Alifika na mkoba wake wa vifaa kabla sijamaliza kuosha vyombo.

"Shemeji, usiogope," akasema huku anavua shati. "Friji ina mota, gari lina mota. Tofauti yake friji haihitaji leseni."

"Umewahi kurudisha injini?"

"Nimewahi kumshikia kaka tochi."

Nikamtazama. Akacheka. Na mimi nikacheka, kicheko cha mtu ambaye hana pa kwenda.

Tukamtoa Bolti nje, tukamkalisha kwenye kiti cha mikono mlangoni mwa banda, nikamfunga shuka kifuani asije akaangukia mbele. Nikampa kijiko na kumwekea sahani ya bati mapajani.

"Wewe ndiye bosi," nikamwambia. "Tukikosea gonga mbili."

Ndugu zangu, tulipogusa tu spana ya kwanza, mbili.

Shemeji akairudisha msumarini, akachukua nyingine. Mbili. Akachukua ya tatu. Mbili.

"Kaka huyu hata akiumwa ana masharti," akasema. "Sasa nitumie meno?"

Tukaendelea. Tukaanza na klachi. Kwa msiojua, na mimi nilikuwa sijui: kati ya injini na giaboksi kuna pleti ya duara, ina tundu katikati. Giaboksi ina mkuki unaoingia kwenye tundu hilo. Pleti ikikaa kando hata kidogo tu, mkuki hauingii, na hapo hata umlete farasi avute.

Shemeji akaikadiria kwa jicho, akakaza. Tukaisukuma giaboksi tukiwa magotini, mimi nimeikumbatia kama mtoto mkubwa aliyekataa kuoga. Ikaingia, ikaingia, ikagoma. Pakabaki nafasi ya kidole.

"Hapa tunaivuta kwa bolti," akasema shemeji. "Tukikaza pande zote itaingia yenyewe."

Akaanza kukaza. Chuma kikalia.

Kijiko kikapigwa kama ngoma ya mchawi. Mbili, mbili, mbili, sahani inaruka mapajani.

"Acha," nikamwambia shemeji. "Anasema tumekosea."

Tukaivuta nje. Tukaitazama pleti. Kweli, imeshuka upande mmoja. Tungekaza zaidi kidogo, tungevunja sikio la giaboksi, pale bolti inapopita, na mchezo ungeishia hapo.

Shemeji akaketi chini akashika kichwa. "Shemeji, huyu mtu ameona kutoka pale mlangoni. Fundi ni fundi tu."

Moyo wangu ulijaa. Nilimwendea mume wangu nikambusu kwenye paji la uso. Nikamwambia, "Unaona? Bado wewe ni Bolti." Yeye akafumba macho.

Kuiweka pleti katikati niliifanya mimi. Nilikata mpini wa ufagio, nikauzungushia utepe wa gundi mpaka ukajaa kwenye tundu bila kucheza. Kisha nikainyoosha pleti kwa vidole, kidogo huku, kidogo kule. Kazi ileile ya kupasua njia katikati ya kichwa, macho yako yanakwambia bado, vidole vinakwambia tayari. Shemeji akakaza, nikachomoa mpini. Giaboksi ikaingia, ikakaa, tukabaki tunatazamana tusiamini.

Siku hiyo mume wangu hakula.

Nikajiambia amechoka na jua.

Tukaendelea hivyo, kila tulipopata nafasi, mimi nikifunga saluni mapema, shemeji akiacha mafriji ya watu. Tuliinua injini na giaboksi vikiwa kitu kimoja, shemeji anavuta mnyororo, mimi naelekeza kwa mikono isigonge boneti. Ikayumba, ikanibana kidole, ukucha ukaenda na maji. Tukaitua kwenye vikalio vyake ndani ya gari. Bolti. Mabomba. Waya, ambazo Bolti alikuwa amezifunga kila moja na ncha yake ili zisipotee.

Na kila hatua, kijiko mara mbili.

Nasi tunasimama, tunakagua. Na kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa wabovu wa kazi, kila tukikagua tunakuta kweli kuna kitu tumekosea. Bomba halijabanwa. Nati imelegea. Waya umepita juu badala ya chini.

"Kompyuta," shemeji akawa anasema. "Kaka yangu ni kompyuta."

Lakini kuna kitu kilinitisha, na sikumwambia mtu. Kadiri injini ilivyorudi, yeye alizidi kuondoka. Uji sasa hata kinywani hauingii. Mkono wenye kijiko umekuwa mwembamba, ngozi imelegea kwenye kiwiko. Nikawa nahimiza kazi kama mwendawazimu. "Haraka, shemeji, haraka. Ikiwaka tu atakula." Nilikuwa nimeweka roho yake yote kwenye ule ufunguo.

Siku ya kuwasha ikafika.

Shemeji akaketi kwenye usukani. Akazungusha ufunguo. Ikaguna, ikapiga chafya, ikazima.

Nikashika mlango wa gari kwa mikono miwili. Nilikuwa namwomba Mungu kwa maneno ambayo hayakuwa na mpangilio.

Mara ya pili ikashika.

Ikanguruma taratibu, safi, haina kikohozi. Nililia. Shemeji alitoka akacheza peke yake kwenye oili. Nikamgeukia mume wangu, na yeye machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni.

"Analia kwa furaha," nikasema.

Shemeji akawa ameacha kucheza. Ameinama kwenye injini, anasikiliza, anakunja uso.

"Shemeji, samahani kidogo. Kaka alisema ilikufa nini?"

"Alisema imekufa tu."

"Mimi si fundi magari. Lakini tumerudisha vitu vyake vilevile, hatujabadilisha hata mpira. Kama ilikuwa imekufa, nani kaifufua?"

Sikumsikiliza. Sikutaka kusikia kitu kingine siku hiyo. Nilifungua mlango wa dereva nikasema, "Njoo umkalishe kwenye kiti chake. Mwenye gari akae kwenye gari lake."

Tukambeba. Tulipompitisha miguu chini ya usukani, akatoa sauti. Sijawahi kusikia sauti ile kwa mtu mzima. Akaung'ang'ania mlango kwa ule mkono mzima, akakaza mwili wote uliobaki, anatikisa kichwa, kijiko kimeangukia chini ya kiti na vidole vinagonga bati la mlango. Mbili. Mbili. Mbili.

Tukamtoa.

Tangu hapo hata maji akakataa. Muuguzi akaja, akampima, akanivuta tena jikoni. Safari hii hakunitazama usoni.

"Waite ndugu, mama. Hivi hafiki mbali."

Nikasimama pale jikoni, gari zima liko nje, ukucha wangu umetoka, na mume wangu anakufa. Nilikuwa nimefanya kila nilichojua.

Hapo nikapandisha hasira.

Niliingia chumbani kwake nikamfokea mgonjwa, majirani wote mashahidi. "Unataka nini? Niambie unataka nini! Ulikuwa unalilia gari, gari hilo linawaka! Nimefunga injini kwa vidole hivi vya kusukia! Sasa lina ubovu gani tena? Lilikuwa na ubovu gani?"

Akaningoja nimalize.

Kisha akafanya hivi. Kwa mkono wa kulia akaushika ule wa kushoto, uliokufa. Akauinua polepole mpaka usawa wa kifua. Akauachia.

Ukaanguka kwenye shuka.

Akauinua tena. Akauachia. Ukaanguka. Na macho yake yako kwangu, yananiomba nione.

Nikakaa kitandani.

"Ubovu ulikuwa huo?"

Nikampa mkono wangu badala ya kijiko. Akaubana. Mara moja.

"Kabla ya kuanguka? Mkono ulikuwa umeanza kabla?"

Akabana.

Nikakumbuka ile siku ya sokoni. Tulipokuwa tunarudi, gari lilihama ghafla likaenda upande wa lori linalokuja. Honi zikalia. Akalirudisha kwa shida, akasema barabara mbovu. Watoto walikuwa nyuma.

"Siku ile ya lori. Mkono uliachia usukani?"

Akabana, na hakuachia.

"Injini ilikuwa na kitu?"

Akabana mara mbili.

Haikuwa na kitu. Mume wangu, mtu ambaye hajawahi kumfungulia mteja kitu kizima, alishusha injini nzima ya gari lake mwenyewe ili asiniambie kwamba mkono wake unakufa. Maana gari likiwa bovu hakuna anayemuuliza baba mbona haendeshi. Yale yote ya kijiko kwenye banda hakuwa anatuelekeza. Alikuwa anasema hapana. Tulimuuliza tunafungaje, hatukumuuliza kama tufunge. Na kila bolti tuliyokaza ilikuwa inasogeza karibu siku ambayo watu wote wangejua kwamba alisema uongo, na siku ambayo mimi ningemkalisha tena kwenye kile kiti, nyuma yake watoto.

Mnadhani nilimkumbatia?

Nilikasirika. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi nikalia kwa hasira mpaka kamasi. Siku ile ya lori angesema neno moja tu, tungekwenda hospitali anatembea kwa miguu yake. Badala yake alichukua spana. Kiburi gani hicho, kumficha mkeo mkono ambao mkeo ndiye anaukatia kucha?

Hasira ilipopungua nikaona kitu kingine. Alikuwa anaogopa peke yake, chini ya gari, muda wote ule, na mimi niko saluni nacheka na wateja.

Nikarudi ndani.

"Haya, nisikilize," nikamwambia. "Nilikuwa nakwambia ukipona utatuendesha. Nayafuta hayo maneno. Hutaendesha. Upone, usipone, hutaendesha tena, na hakuna mtu atakayekukalisha pale. Umesikia?"

Akanitazama.

"Na kwani mimi niliolewa na dereva? Uliponioa hukuwa hata na baiskeli. Ulikuja kwetu kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, na bado nikakukubali, mjinga mimi."

Upande ule wa mdomo unaofanya kazi ukasogea. Kidogo sana.

Nikachukua uji. Ulikuwa umepoa na kushika utando juu. Nikamletea kijiko.

Akafungua mdomo.

Alipomeza nikachota kwa pupa mpaka uji ukamwagika kwenye shuka. Nikachota tena. Akafungua tena. Tukaumaliza, sote wawili tunalia kama watoto walionyang'anywa.

Nilipomfuta mdomo nikamwambia, "Lakini gari halitakaa bure. Mazoezi yako ni hospitali na hospitali ni mbali. Nitaendesha mimi."

Mkono wake ukatafuta wangu upesi. Mbili.

"Unakataa?"

Mbili, kwa nguvu.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu nifungue lile geti.

Shemeji ndiye aliyenifundisha, na Mungu anisamehe kwa maneno niliyomwambia. Gari letu ni la gia za mkono. Mguu wa klachi nikauelewa kwa shida, usukani nikauelewa, ila vyote pamoja na gia vikanishinda. Mikono yangu imezoea kufanya kazi moja kichwa kimoja.

Siku moja nikamweka Bolti kiti cha pembeni ili aone. Mkono wake mzima ni wa kulia, na akikaa pale unaangukia palepale kwenye gia. Sikumwambia kitu. Nilipokanyaga klachi, nikasikia gia imeingia. Nikatazama chini, ni mkono wake.

Nikaachia mguu, gari likaruka kama mbuzi, likazima.

Tukawasha. Akaweka gia. Nikaachia, likaruka, likazima. Majirani wakaanza kutoka nje na viti vyao.

Tukawasha tena. Likaruka tena, likagonga pipa la maji likalipindua. Shemeji nyuma anasali kwa sauti. Mimi nimeng'ang'ania usukani, jasho linaingia machoni, nikasema, "Mimi siwezi, jamani, siwezi."

Ndipo nikasikia sauti pembeni yangu. Nzito, ya kuburuzika, lakini neno zima, kila herufi mahali pake.

"Klachi."

Nikageuka. Shemeji akaacha kusali.

"Umesema nini?"

Mume wangu akavuta pumzi, akautafuta ulimi wake, akasema tena, na safari hii kwa hasira ya fundi.

"Klachi, Mama Watoto. Polepole."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kueleweka tangu aanguke. Nilikuwa nimemwombea kwa machozi aseme jina langu, au la mtoto, au hata la Mungu. Akasema klachi. Na nawaambia, hakuna mwanamke aliyewahi kuambiwa neno tamu kuliko hilo.

Nikaachia polepole. Gari likaondoka.

Leo anatembea na mkongojo. Mkono wa kushoto haujarudi, na daktari ametuambia ukweli kwamba huenda usirudi. Anaongea, si vizuri, ila vya kutosha kunikosoa. Kazini alirudi kuwa mtu wa kusikiliza injini na kuwaambia wenzake zina nini. Kipara nilimsimulia yote, akaenda nyuma ya karakana akakaa peke yake muda mrefu.

Kwa hiyo, wewe unayesoma huku kidole kimoja kinakufa ganzi na unajisemea kitapita, weka simu chini uende ukapimwe. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na wewe uliye na mtu ndani ya nyumba, ukiona anafungua kitu kisichoharibika, achana na hicho kitu. Mtazame yeye. Muulize, na ukimuuliza, subiri jibu.

Ningeendelea, ila leo ni siku ya mazoezi na mwenzangu ameshaingia kwenye gari. Ananipigia honi.